Saratani ya utando wa mapafu: kwa nini hudhaniwa ni TB, na jinsi inavyotambuliwa

Mtu ana kikohozi kikavu kisichoisha. Anahema akipanda kilima ambacho mwaka jana alikipanda bila kusimama. Hospitali ya wilaya wanampiga eksirei na kukuta upande mmoja wa kifua umejaa maji. Anaanzishiwa dawa za kifua kikuu, yaani TB, anazimeza mpaka mwisho, na baada ya muda maji yanarudi palepale.

Katika nchi zetu maji ya namna hiyo mara nyingi ni TB kweli, na dawa huyamaliza. Lakini wapo wachache ambao dawa hizo haziwasaidii, kwa sababu ugonjwa walionao ni mwingine. Mmojawapo ni saratani adimu inayoanzia kwenye utando unaofunika mapafu. Madaktari huiita mesotelioma.

Katika makala hii tunaeleza ugonjwa huu ni nini, kwa nini hudhaniwa ni TB, na ni vipimo gani vinavyoutambua. Tunaeleza pia mambo mawili ambayo mgonjwa na ndugu zake wanaweza kuyafanya wenyewe ili jibu lipatikane mapema.

UTANDO WA MAPAFU NI NINI?

Aliyewahi kuchinja mbuzi anaijua ile ngozi nyembamba, yenye kung'aa, inayofunika mapafu na kutanda kwenye mbavu kwa ndani. Binadamu naye anayo. Ina tabaka mbili: moja limeshika pafu, jingine limeshika ukuta wa kifua. Katikati pana maji kidogo tu ya kulainisha, ili pafu likijaa hewa liteleze bila kukwaruzana na mbavu.

Utando huo ukiugua, maji huongezeka. Yanaweza kufika lita moja, mbili au zaidi, na pafu likakosa nafasi ya kutanuka. Maji hayo ni dalili, si jina la ugonjwa. Yanaweza kuletwa na TB, nimonia, moyo kushindwa kazi, maradhi ya figo au ini, na pia saratani. Hata saratani zinazofika kwenye utando, nyingi zimetokea kwingine, kwa mfano kwenye pafu lenyewe au kwenye titi. Mesotelioma ni ile iliyoanzia kwenye utando wenyewe. Inaweza pia kuanzia kwenye utando wa tumbo, lakini hapa tunazungumzia wa kifua.

VUMBI LINALOSUBIRI MIAKA

Chanzo kikubwa cha mesotelioma ni asbesto. Haya ni madini yanayochimbwa ardhini, yenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hayashiki moto wala hayaozi. Kwa sababu hiyo yalichanganywa na saruji kutengenezea mapaa na mabomba ya maji, yakatiwa kwenye breki za magari, na yakazungushiwa mabomba ya mvuke viwandani, melini na kwenye injini za treni.

Nyuzi hizo zikivutwa na pumzi, mwili hauwezi kuziyeyusha. Nyingine hufika hadi kwenye utando wa mapafu, zikakaa huko na kuuchokoza polepole. Tangu mtu avute vumbi hadi saratani ijitokeze, kwa kawaida hupita miaka 20 hadi 50. Kijana aliyefanya kazi mwaka 1980 anaugua akiwa mzee. Kazi ile ameshaisahau, na kampuni pengine ilishafungwa.

Waliovuta vumbi hawakuwa wafanyakazi peke yao. Baba alirudi nyumbani na vumbi kwenye ovaroli, mama akaikung'uta na kuifua, na mtoto akapanda mapajani mwa baba kabla hajabadili nguo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa ni kweli kama ilivyotamkwa.

Mesotelioma haiambukizi. Mgonjwa anaweza kula, kulala na kukaa na wenzake bila hofu, mradi imethibitishwa kwamba hana TB. Sigara nayo haisababishi mesotelioma. Lakini aliyevuta asbesto akavuta na sigara yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya pafu lenyewe, kwa hiyo kuacha sigara bado kuna faida.

SWALI LILILOFICHUA UGONJWA HUU

Ili kuelewa jinsi ugonjwa huu unavyotambuliwa, tuangalie kwanza jinsi ulivyofichuliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1950, katika mji wa Kimberley. Mji huo unafahamika kwa almasi. Lakini magharibi yake, kuanzia Prieska hadi Kuruman, kuna vilima vilivyochimbwa asbesto ya rangi ya buluu.

Daktari C. A. Sleggs alikuwa akitibu wagonjwa wa TB mjini Kimberley. Wengi walikuja wakiwa na maji kifuani. Dawa za TB zilipopatikana, aliona jambo la ajabu: wagonjwa waliotoka mashariki ya mji walipona, lakini miongoni mwa waliotoka magharibi wapo ambao dawa hazikuwafaa kitu. Hospitali ilikuwa moja, dawa zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni mahali walikotoka.

Paul Marchand, daktari wa upasuaji wa kifua, alichukua vipande vidogo vya utando kutoka kwa wagonjwa hao. Vipande hivyo vilichunguzwa kwa darubini na J. C. Wagner, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Johannesburg. Ilikuwa saratani. Mwaka 1960 watatu hao walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesotelioma. Isipokuwa mmoja tu, wote walikuwa na uhusiano na asbesto ya eneo lile.

Wengi wa wagonjwa hao hawakuwahi kushuka mgodini. Walikuwemo akina mama wa nyumbani, watumishi wa majumbani na wachungaji wa ng'ombe. Waliishi karibu na migodi, baadhi yao wakiwa bado watoto. Katika eneo hilo watoto walicheza juu ya malundo ya mabaki ya mgodi, na wanawake waliketi wakigonga mawe kwa nyundo ili kutenga nyuzi.

Ugonjwa uliokuwa umejificha nyuma ya TB ulifichuliwa na vitu viwili: swali la "umetoka wapi?" na kipande cha nyama chini ya darubini. Zaidi ya miaka 60 imepita, mashine nyingi zimegunduliwa, na bado nguzo za uchunguzi ni hizo mbili.

Afrika Kusini ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, si ile ya buluu peke yake.

KWETU ASBESTO IKO WAPI?

Wengi wetu tunaijua kama paa. Ni yale mapaa ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, yanayofanana na saruji kwa sababu ndani yake mna saruji. Bado yapo kwenye shule za zamani, nyumba za walimu, hospitali, majengo ya reli na nyumba za wafanyakazi wa mashamba makubwa. Mabati ya chuma ya kawaida hayana asbesto. Rwanda imekuwa na mpango wa serikali wa kuyaondoa mapaa ya asbesto nchi nzima.

Kuishi chini ya paa la asbesto ambalo ni zima halijaguswa si sawa na kulikata kwa msumeno. Hatari kubwa inakuja linapokatwa, kutobolewa, kuvunjwa au kusagika, kwa sababu hapo ndipo nyuzi zinaporuka hewani. Walio katika hatari zaidi ni mafundi wa ujenzi, wabomoaji wa majengo, mafundi bomba, mafundi breki, wafanyakazi wa zamani wa reli, bandari na viwanda, na waliokwenda kufanya kazi migodini kusini mwa Afrika.

DALILI

Dalili huja polepole:

- Kuishiwa pumzi, mwanzoni wakati wa kazi, baadaye hata ukiwa umekaa.
- Maumivu ya upande mmoja wa kifua, yasiyotulia, wakati mwingine yakifika begani au mgongoni.
- Kikohozi kikavu.
- Kupungua uzito, kukosa hamu ya kula, uchovu, na kwa baadhi jasho la usiku.

Utaona kwamba karibu zote ni dalili za TB pia. Ndiyo maana hakuna anayeweza kuutaja ugonjwa huu kwa kumtazama mgonjwa tu.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Hatua ya kwanza: maswali. Daktari anahitaji kujua kazi zote ulizofanya na mahali pote ulipoishi tangu utotoni, si kazi ya leo tu. Mkulima wa leo anaweza kuwa aliezeka mapaa miaka 40 iliyopita. Usipoulizwa, sema mwenyewe.

Hatua ya pili: eksirei na altrasaundi. Eksirei huonyesha maji, na wakati mwingine utando ulionenepa. Altrasaundi huonyesha maji yako wapi na ni mengi kiasi gani, ili sindano iingie mahali salama. Picha hizi zinaonyesha kwamba kuna tatizo, lakini haziwezi kulitaja jina.

Hatua ya tatu: kutoa maji. Mgonjwa huketi ameinamia meza, anachomwa ganzi, kisha sindano hupitishwa kati ya mbavu mgongoni. Wengi hupata nafuu ya pumzi siku hiyohiyo. Wapo wanaoamini kwamba ukitolewa maji mara moja utakufa. Si kweli. Anayekufa baadaye huuawa na ugonjwa ulioleta maji, si na sindano.

Maji hayo yasimwagwe yote. Kiasi fulani kinapaswa kupelekwa maabara kutafuta TB na kutafuta seli za saratani. Rangi haitoshi kutoa jibu: maji ya njano au yenye damu yanaweza kutokea katika TB na katika saratani pia.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza, mashine ya GeneXpert ikisema haikuona TB kwenye maji ya kifua, bado TB inaweza kuwepo, kwa sababu vijidudu kwenye maji hayo huwa vichache. Wa pili, maabara ikisema haikuona seli za saratani kwenye maji, bado saratani inaweza kuwepo. Mesotelioma mara nyingi haitoi seli za kutosha kwenye maji. Zaidi ya hapo, utando uliochokozwa na TB unaweza kutoa seli zenye sura ya ajabu zinazofanana na za saratani.

Hatua ya nne: siti skani. Hii ni picha inayokionyesha kifua kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Inaweza kuonyesha utando ulionenepa na kujaa vinundu, ukilizunguka pafu lote na kulibana. Inaweza pia kuonyesha mabaka magumu kwenye utando. Mabaka hayo ni alama kwamba mtu aliwahi kuvuta asbesto. Yenyewe si saratani, lakini yanamwongoza daktari.

Hatua ya tano: kuchukua kinyama. Hapa ndipo jibu linapopatikana. Kinyama kinaweza kuchukuliwa kwa sindano maalumu huku daktari akiongozwa na altrasaundi au siti skani. Njia bora zaidi, panapokuwa na vifaa, ni kuingiza kamera ndogo kifuani kupitia tundu kati ya mbavu. Daktari huutazama utando kwa macho yake na kuchagua sehemu za kukata.

Kipande kinatakiwa kiwe kikubwa kiasi na kiende chini hadi kwenye mafuta. Sababu ni hii: seli za utando uliochokozwa na TB zinaweza kuonekana vibaya, lakini hukaa juu. Seli za saratani hupenya na kuingia ndani ya mafuta. Kipande kidogo cha juujuu hakiwezi kuonyesha tofauti hiyo, na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huombwa warudi kuchukuliwa kinyama mara ya pili. Kuombwa hivyo si uzembe wala si njama ya kula fedha yako.

Hatua ya sita: maabara ya patholojia. Kinyama hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Kisha hutiwa dawa maalumu zinazonasa alama fulani kwenye seli na kuacha rangi ya kahawia. Seli za mesotelioma huwa na alama zake, kama kalretinini na WT1. Seli za saratani iliyotoka kwenye pafu huwa na alama nyingine, kama TTF-1. Hakuna alama moja inayotosha, kwa hiyo mtaalamu hulinganisha kadhaa. Vipimo hivi hufanyika kwenye hospitali kubwa tu, na majibu huweza kuchukua wiki kadhaa.

Mtaalamu pia hueleza aina. Ipo yenye seli za duara, ambayo ndiyo inayotokea zaidi na huenda polepole kidogo. Ipo yenye seli ndefu kama nyuzi, ambayo ni kali zaidi. Na ipo iliyochanganyika. Aina husaidia kuchagua matibabu.

Hakuna kipimo cha damu ambacho peke yake kinathibitisha mesotelioma. Anayekuuzia kipimo cha namna hiyo anakupotezea fedha na muda.

USIACHE DAWA ZA TB KWA SABABU YA MAKALA HII

Tunalisema hili kwa msisitizo. TB ni ya kawaida na inatibika. Mesotelioma ni nadra. Ukianzishiwa dawa za TB, zimeze kama ulivyoelekezwa. Mtu anaweza hata kuwa na magonjwa yote mawili.

Cha kuangalia ni mwenendo. TB ikipata dawa, homa hushuka, hamu ya kula hurudi na uzito huanza kupanda katika wiki za mwanzo. Kama miezi miwili imepita na hali inazidi kuwa mbaya, au maji yanarudi baada ya kutolewa, rudi kliniki uulize: "Je, TB ilionekana kwenye kipimo, au tulianza dawa kwa kukisia?" Swali hilo halimvunjii daktari heshima. Huenda jibu likawa TB sugu, au ugonjwa mwingine, au saratani. Yote matatu yanahitaji rufaa.

MAMBO MAWILI YA KUFANYA WENYEWE

La kwanza ni kuandika historia ya mgonjwa. Kaeni naye siku ambayo pumzi yake imetulia kidogo, mwandike kwenye daftari au kwenye simu:

- Kila mahali alipoishi tangu kuzaliwa, na miaka.
- Kila kazi, hata kibarua cha miezi mitatu.
- Kama aliwahi kukata, kupaka rangi au kubomoa paa la asbesto.
- Baba, mama, mume au mke alifanya kazi gani, na nguo za kazi zilifuliwa wapi.
- Matibabu ya TB aliyopata, tarehe, na majibu ya vipimo.

Daktari akijaza fomu ya kupeleka kinyama maabara, mwombe aandike juu yake neno asbesto. Mtaalamu wa maabara hamwoni mgonjwa. Anachojua ni kile kilichoandikwa kwenye fomu.

La pili ni kukifuatilia kinyama. Mara nyingine ndugu ndiye anayekabidhiwa kichupa akipeleke maabara. Kabla hujaondoka, hakikisha kichupa kina jina la mgonjwa, namba ya faili, tarehe na sehemu kilikotolewa. Hakikisha kinyama kimezama chote kwenye dawa ya kuhifadhia. Kikiwa kikavu kitaoza, na kazi yote itarudiwa. Dawa hiyo ni sumu: usifungue kifuniko, na watoto wasiguse. Omba risiti, namba ya simu ya maabara na tarehe ya majibu. Tarehe ikifika, piga. Majibu yaliyobaki kwenye kabati hayamtibu mtu.

BAADA YA JIBU

Mesotelioma ni saratani ngumu, na wengi wa wanaoipata hawaponi kabisa. Kusema vinginevyo kungekuwa kuwadanganya wasikilizaji wetu. Lakini jibu sahihi lina faida.

Zipo dawa za dripu, hasa pemetreksedi ikichanganywa na sisplatini, ambazo huwaongezea baadhi ya wagonjwa muda na nafuu. Zipo pia dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, lakini bei yake bado ni kubwa mno. Maji yanaweza kuzuiwa yasirudi kwa kugandisha tabaka mbili za utando kwa poda, au kwa kuacha mrija mdogo ambao ndugu hufundishwa kuutumia nyumbani. Maumivu hutulizwa kwa morfini ya maji ya kunywa. Mgonjwa ambaye si wa TB anaacha kumeza bure dawa zinazomchosha, na familia inajua jinsi ya kupanga mambo yake mapema.

Kisha kuna fidia. Afrika Kusini, mfuko maalumu wa wahanga wa asbesto uliundwa mwaka 2003. Tanzania upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Kenya ipo sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini. Popote pale, swali la kwanza litakuwa: ushahidi uko wapi? Majibu ya patholojia na barua ya daktari inayotaja kazi aliyoifanya mgonjwa ndio ushahidi. Hifadhini nakala, na mzipige picha kwa simu.

KWA WALIO WAZIMA

Kama kwenye kijiji chako kuna paa la asbesto linalovunjika, usilikate, usilitoboe, wala usilifagie likiwa kavu. Vipande visitumike kuzibia banda la kuku wala visipondwe kufukia mashimo ya barabara. Watoto wasivichezee. Toeni taarifa kwa ofisi ya kijiji au kwa bwana afya, kwa sababu kuliondoa ni kazi ya watu wenye mafunzo, mavazi ya kinga na mahali maalumu pa kuzika mabaki. Vumbi la leo halitamuumiza mtu kesho asubuhi. Litamuumiza mtoto wa leo atakapokuwa na wajukuu.